Ndege Isiyoruka

Seremala alikuwa amekula kiapo kwamba hatapanda ndege maisha yake yote, na kiapo chenyewe alikila mbele ya mkewe, mbele ya benchi lake la kazi, na mbele ya mteja mmoja aliyekuja kuchukua kabati na ambaye hakuwa ameuliza chochote.

"Kitu gani hicho kinakaa juu na hakijashikiliwa na kitu?" alisema huku akipuliza vumbi la mbao kwenye randa. "Mimi nikitengeneza kiti na mguu mmoja ukalegea, mtu ataanguka hapa hapa chini. Atajipangusa, atanitukana, yamekwisha. Sasa kule juu utamtukana nani, na atakusikia saa ngapi?"

Mteja alicheka mpaka akaegemea kabati lake. Mke wa Seremala naye alicheka, maana alikuwa mwepesi wa kucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mzito wa hatua, mwepesi wa mikono, na mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, pamoja na wanaume wenye ndevu ambao yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuwaona hapa duniani. Alikwisha kustaafu wodi ya wazazi, lakini watu hawakustaafu kumgongea mlango.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa binti yao wa mwisho. Walimwita Kitinda tangu akiwa mchanga, kwa sababu baada yake mama mtu alisema basi. Aliolewa akaenda kuishi nchi ya mbali, huko ambako watu wanaamka wakati huku wengine wanazima taa, na sasa alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Alipiga simu akasema, "Mama, uje. Na baba aje." Mama Mkunga akajibu, "Tunakuja, hata kwa kutambaa," na mkwe wao akatuma tiketi. Ndipo Seremala akala kile kiapo.

"Wewe nitakuzoesha," mkewe alimwambia jioni ile, akimwekea chai. "Kuna makumbusho ya ndege kule mwisho wa mji. Nasikia kuna ndege nzima ya abiria, watu wanaingia, wanakaa, wanafunga mikanda. Haiendi popote. Utaizoea taratibu, kama mtu anavyomzoea mbwa wa jirani."

"Na ikiondoka?"

"Haina hata matairi ya maana, baba Kitinda. Itaondokaje?"

Basi wakaenda, asubuhi moja ya siku ya kazi, wakati wenye shughuli zao wako kwenye shughuli zao.

Jengo lilikuwa kubwa kupita walivyodhani. Zamani lilikuwa karakana ya kutengenezea ndege, na paa lake lilikuwa juu sana hata shomoro walikwisha hamia humo na kuzaana, wakidhani labda ni nje. Mwanga uliingia kwa vioo vya darini, ukashuka polepole kama unga unaochekechwa. Na katikati ya mwanga huo ndege zilining'inia kwa nyaya, kubwa na ndogo, nyingine nyekundu, nyingine za rangi ya masizi, na upepo wa feni ukizigusa, zilisogea kidogo, zikarudi, kama vile zinapumua. Shomoro walitua juu ya mabawa yake wakajichokonoa manyoya. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa kioo, kwa hiyo ukitazama chini uliziona ndege zote tena, ziko chini ya miguu yako, na ukapiga hatua kwa woga usije ukazikanyaga.

"Ee," alisema Seremala, kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwahi kuisikia nje ya nyumba ya ibada.

Alianza kutembea amejibana kiunoni mwa mkewe. Lakini walipofika kwenye ndege moja ya zamani sana, yenye mabawa mawili yaliyopandana, akasimama. Akanyoosha shingo. Akamwachia mkewe.

"Hii ni mbao!"

"Imeandikwa usiguse," alisema mkewe.

"Nani kagusa? Natazama kwa kidole." Na kweli kidole chake kilikuwa kinapita juu ya ubavu wa ndege, unywele mmoja tu kutoka kwenye mbao, kikifuata kila kiungo. "Tazama hapa walivyoikunja. Hii waliichemsha kwanza, wakaikunja ingali moto. Tazama hapa. Jamani, tazama hapa!" Mlinzi akakohoa. Seremala akamgeukia, akamwambia kwa furaha kama anayemtolea pongezi, "Ni mbao, bwana!" Mlinzi, ambaye labda alikuwa akikohoa hapo tangu jengo lilipofunguliwa, akatabasamu akamwacha.

Kutoka hapo Seremala alikuwa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyetangulia ngazi za ile ndege ya abiria. Mlangoni alisimama mhudumu aliyevaa sare za kizamani, na kofia ndogo ameilaza upande mmoja kama chapati, akawaambia, "Karibuni ndani, tafuteni viti vyenu." Wakapata viti karibu na bawa. Mbele yao alikaa baba mmoja na watoto wake wawili. Nyuma, wanafunzi wachache waliokuwa wakipigana picha. Mhudumu akawaonyesha namna ya kufunga mkanda. Taa zikafifia, zikawa rangi ya asali. Kisha, kutoka mahali fulani chini ya sakafu, ukaanza mngurumo.

Ulikuwa mngurumo wa kurekodiwa, na mtetemo ulikuwa wa mashine iliyofichwa chini ya viti, na mawingu yaliyoanza kupita madirishani yalikuwa picha tu. Wote walijua. Hata hivyo mmoja wa wale watoto alimshika baba yake mkono, na Seremala akaushika mkono wa kiti chake kwa nguvu zote. Akafumba macho. Midomo ikamtembea. Mkewe alikuwa anajiandaa kumtia moyo, alikwisha fungua kinywa, ndipo alipoona vile vidole vinalegea, kimoja kimoja. Kichwa cha mzee kikaegemea. Mdomo ukafunguka.

Seremala alikuwa amelala, fofofo, anakoroma kwa kufuata mngurumo wa injini.

Mama Mkunga akacheka peke yake. Akageukia dirishani. Mawingu yalipita, meupe, hayana haraka, moja linayeyuka ndani ya jingine. Akawaza: basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Tutakaa hivi, tutakwenda, tutafika. Kitinda atakuja kutupokea na tumbo lake mbele. Kisha siku itafika.

Alipofika kwenye neno hilo, siku, moyo wake ukaruka.

Mwanzo hakuelewa ni kitu gani. Alidhani ni joto. Kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Akaiangalia mikono yake mapajani akaona inatetemeka, akaitazama kama mikono ya mgeni aliyekaa naye kiti kimoja. Mikono hiyo iliwahi kugeuza mtoto aliyekuja kwa miguu, taa zimekatika, muuguzi wa zamu amezimia pembeni, na haikutikisika hata kidogo. Sasa inatikisika kwa ajili ya mawingu ya picha! Akavuta pumzi, ikafika nusu ya njia ikarudi. Akafungua mkanda, akampita mumewe taratibu asimwamshe, akamwambia mhudumu, "Nakwenda kupunga upepo kidogo, mwanangu," akashuka ngazi.

Hakutazama anakokwenda. Miguu ilimpeleka ukutani, kisha kwenye mlango ulioachwa wazi, kisha kwenye njia ndefu iliyopakwa rangi ya buluu iliyokolea mpaka ikakaribia kuwa nyeusi. Kelele za wanafunzi zilibaki nyuma. Kule ndani kulikuwa na baridi nzuri, kama ya mtungini. Na hapo mbele, katikati ya giza la buluu, alining'inia mtu.

Lilikuwa vazi la mwanaanga, jeupe, limejazwa kitu ndani likawa na umbo. Lilielea kichwa kikiwa kimeinama, magoti yamekunjwa, mikono imeachwa iende inakotaka. Tumboni mwake ulitoka mrija mnene, ukapinda, ukapinda tena, ukapotea ndani ya ubavu wa chombo kilichochorwa ukutani.

Mama Mkunga alisimama chini yake. Alikitazama kile kichwa kikubwa, yale magoti, ule mrija.

"Huyu bado hajazaliwa," alisema.

"Samahani, mama?"

Aligeuka. Nyuma yake alikuwa msichana mwenye kitambulisho cha makumbusho shingoni na tochi ndogo mkononi, tumbo limemtangulia chini ya sare. Alikuwa mwongozaji wa sehemu ile.

"Shikamoo, mama. Unajisikia vizuri? Nimekuona unayumba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa namsalimia huyu." Mama Mkunga alimtazama kutoka utosini mpaka miguuni, haraka, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Mtoto amekukalia upande wa kulia, siyo?"

Mwongozaji akaduwaa. "Umejuaje?"

"Unavyoegemea."

"Amenikalia mbavuni tangu juzi. Nikimwambia atoke anapiga teke." Akacheka, akamshika mkono Mama Mkunga. "Njoo ukae. Chumba cha nyota hakina mtu saa hizi, na mimi mwenyewe natafuta sababu ya kukaa."

Chumba cha nyota kilikuwa cha duara, hakina madirisha, na sakafuni kulikuwa na matakia makubwa ya kulalia. Mwongozaji alibonyeza kitu ukutani. Juu, paa lote likapotea, na mahali pake ikaja dunia, kubwa, ya buluu na nyeupe, inaning'inia bila kamba. Wakajilaza, kila mmoja kwa kuguna kwake: mmoja kwa uzee, mwingine kwa mimba.

"Umewahi kupanda ndege?" aliuliza Mama Mkunga.

"Mimi? Hata siku moja. Nawaeleza watu habari za mwezini, lakini nyumbani kwangu nimepanga chumba cha chini kabisa, maana ngazi zinanitia kizunguzungu."

Walicheka, na kicheko chao kikazunguka kwenye kuta za duara kikawarudia kimekuwa laini.

"Na mama yako yupo?"

"Yupo. Anakaa mbali, anauza vitambaa. Atakuja siku zangu zikikaribia."

"Anajua mambo ya uzazi?"

"Mama yangu? Hajui kitu! Anasema mimi mwenyewe alinizaa amefumba macho, mpaka leo hajui nilitokea wapi."

"Sasa anakuja kufanya nini?"

Mwongozaji aligeuza kichwa kwenye takia amtazame vizuri, kama vile swali lenyewe ndilo geni. "Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu, mama. Atalalamika chai yangu nyepesi. Ataniambia nguo za mtoto nimezianika vibaya. Mimi nikisikia anaburuta ndala zake kule jikoni, nitalala usingizi ambao sijalala tangu niolewe."

Baada ya muda kidogo watu walisikika njiani, mwongozaji akajiinua kwa kujishika kiuno. "Pumzika hapa. Nikimaliza na hawa nitakuja kukuangalia."

Akabaki peke yake na dunia.

Iligeuka polepole juu yake. Bahari, kisha wingu refu, kisha bahari tena. Upande wa mchana ukapita, ukaja upande wa usiku, na katika usiku ule zikatokea taa, nyingi, ndogo, kama mchele uliomwagika. Mama Mkunga hakujua kama amelala au yu macho. Mwili wake, ambao miaka yote aliubeba kama mzigo wa kuni, ukaacha kuwa na uzito. Mgongo ukanyamaza. Akajiona anazipita zile taa kwa juu, kimya kimya, kama muuguzi wa zamu anavyopita wodini asimwamshe mtu, na katika kila taa kulikuwa na chumba, na katika kila chumba mwanamke ameshika ukingo wa kitanda. Alizijua sauti zao zote: ile ya mwanzo ya malalamiko, ile ya kati ya matusi, na ile ya mwisho ambayo huwezi kuipa jina. Akataka kushuka. Akachungulia chumba cha kwanza, akakuta kuna mtu amekwisha kunja mikono ya nguo. Akaenda cha pili; kuna mtu. Akaenda kingine na kingine. Kila mahali kulikuwa na mtu, mwingine mzee, mwingine kijana, mwingine anatetemeka kidogo lakini yupo. Na watoto walikuwa wanatoka bila yeye. Walitoka tu, mmoja huku, mmoja kule, wamekunja nyuso kama watu walioamshwa kabla ya saa yao.

Alipofumbua macho, au alipotambua kwamba yako wazi, masikio yake yalikuwa yamelowa machozi.

"Ndiyo huku ulikojificha!"

Seremala alisimama mlangoni. Nywele zilikuwa zimemsimama upande mmoja, kofia iko mkononi.

"Nimezunguka jengo zima. Nimeamka, mngurumo umenyamaza, nikauliza, 'Tumefika?' Watu wakavunjika mbavu. Yule baba wa watoto ananiambia, 'Tumefika mzee, shuka uchukue begi lako.' Na mimi nikasimama kulitafuta!" Alikuwa anacheka mwenyewe. "Mke wangu, ndege si kitu. Ndege ni kiti cha kinyozi chenye kelele. Tunakwenda hata kesho." Ndipo alipomwona vizuri katika ule mwanga wa buluu. "Nini?"

"Naogopa," alisema Mama Mkunga.

"Unaogopa ndege? Wewe?"

"Ndege hata siijali. Namwogopea Kitinda. Nimekaa kule kwenye kiti nikaona ile siku inakuja, na mikono yangu ikaanza. Nimeona mengi mno katika kazi hii, baba Kitinda. Wengine wakienda kumwona mjukuu wanaona mtoto na kofia ya sufu. Mimi naona kila kinachoweza kwenda mrama. Yeye ananingoja nije kumzalisha, na mimi siwezi. Mikono haitaki."

Seremala alishuka mpaka chini, magoti yakilia, akajilaza kwenye takia alilokuwa amelalia mwongozaji. Wakaitazama dunia pamoja kwa kitambo.

"Unakumbuka kitanda chetu?" alisema hatimaye. "Kile cha kwanza."

"Kilichokuwa kinalia?"

"Hicho hicho. Vitanda vya watu nakata ubao mara moja, unaingia. Kile chetu nilikata, nikaharibu. Nikakata tena, nikaharibu. Mkono ulikuwa unajua ni wewe utakayelala pale. Mwisho nikamwita yule rafiki yangu wa karakana ya pili, akakata yeye."

"Hukuniambia hata siku moja. Na wewe ulifanya nini?"

"Nilishika ubao upande wa pili usitikisike." Akatafuta mkono wa mkewe gizani, akaupata. "Na yeye ndiye aliyefanya kile kitanda kilie, si mimi."

Mama Mkunga akacheka kwa pua, machozi yakamwingia mdomoni.

Mwongozaji aliporudi aliwakuta hivyo, akataka kurudi nyuma, Mama Mkunga akamwita. Akamwonyesha namna ya kulala kwa ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti ili yule mpangaji ahame mbavuni. Wakaagana kama watu wa ukoo mmoja.

Nje, kwenye ngazi za makumbusho, jua likiwapiga usoni, Mama Mkunga alipiga simu. Iliita sana kabla haijapokewa, na sauti iliyoitika ilikuwa ya kitandani.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka kukuuliza. Nikija huko, na siku ikifika, nisipokuzalisha mimi, utachukia?"

Seremala alikuwa amesogeza sikio karibu na simu mpaka kofia yake ikaanguka.

"Mama," alisema Kitinda, "wakunga huku wamejaa tele. Wana mashine, na mashine za kuziangalia hizo mashine. Kwani nilikuambia uje unizalishe? Nilikuambia uje."

"Uje tu."

"Uje tu. Nani atanisugua mgongo huku akinisema? Huyu mume wangu ananisugua kama anafuta kioo."

"Basi lala, mama yangu," alisema Mama Mkunga, ambaye humwita binti yake mama anapokuwa na furaha.

Waliondoka mwezi uliofuata. Seremala alidai kiti cha dirishani, akamweleza mhudumu kwamba yeye si mgeni wa mambo haya. Lakini ndege ilipoinua pua ya kweli, na nyumba za kweli zikaanza kuzama chini yao, alimshika mkewe mkono kwa nguvu hata pete ikamchoma. Kisha wakaingia mawinguni, na mawingu hayo yalikuwa mazuri kuliko yale ya picha. Yaliwapita bila haraka.

Kitinda alijifungua mtoto wa kike, siku ya mvua nyembamba, katika chumba kilichojaa taa ndogo za kijani. Mkunga alikuwa kijana, mrefu, mwenye mikono ya baridi. Mama Mkunga, ambaye maisha yake yote katika vyumba vya namna hiyo alisimama upande wa miguuni, mara hii walimwonyesha kiti upande wa kichwani. Hakupajua mahali hapo. Kutoka pale hakuona kazi yoyote. Aliona paji la uso la binti yake tu, limelowa, na nywele zimegandia. Mara mbili ulimi ulimwasha kusema neno. Akauuma. Alimsugua Kitinda mabega, akamsema kwamba anabana taya, akamsifu, akamsema tena, mpaka sauti ya mtoto ilipotokea kule upande wa pili wa shuka. Ilikuwa ndogo, imekasirika, na kwa mara ya kwanza Mama Mkunga aliisikia kama wengine wote wanavyoisikia, akauliza kwa hofu na furaha, kama mtu asiyejua lolote:

"Mzima? Jamani, ni mzima?"